Mnyoo Niliyetaka Kumpa Jina la Baba

Ndugu zangu wa mikutano ya Jumamosi,

Nimerudi Bergen salama, na kabla sijafungua sanduku simu zenu zilikuwa zinauliza jambo moja tu: mbona jina nililowatangazia mbele ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, mkanipigia makofi, silo lililochapishwa? Nimechoka kulieleza vipande vipande kwenye simu huku nusu yenu mnacheka na nusu hamsikii. Nimekaa sasa niandike yote, mahali kwa mahali, msome wenyewe.

Kutoka Bergen hadi Kigoma

Kwa wale ambao hawakuwapo Jumamosi ile, nianze na kazi yangu, maana sioni haya kuitaja. Mimi mtoto wa Swima, Kongo, nilivuka ziwa Tanganyika bila viatu, nikasomea chini ya turubai katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma. Sikuwa na mjomba waziri. Diploma yangu ya sayansi ya bahari niliipata pwani ya Tanzania huku nikiosha vyombo hotelini, na leo nakaa mbele ya hadubini katika jumba la makumbusho la Wazungu, na wao ndio wanaonijia kuniuliza.

Siku moja meli ya utafiti ilileta tope kutoka vilindini, kule ambako jua halijafika tangu dunia iumbwe. Ndani ya tope lile nilimwona mnyoo. Ana urefu wa kidole cha mwisho, na kila pingili ya mwili wake ina vishungi viwili vya nywele ngumu, kimoja kila upande. Ukimsogeza kwenye mwanga, zile nywele zinang'aa kama uzi wa shaba. Nilitafuta katika vitabu vyote. Hakuwamo. Hakuna mtu aliyewahi kumwandika.

Kumwandika mnyoo mpya si kumwona tu na kupiga kelele. Unahesabu pingili zake, unachora taya zake, unamlinganisha na kila ndugu yake anayejulikana. Unaeleza mpaka mtu asiyekujua, akimpata upande mwingine wa dunia, aseme: ndiye huyu. Kisha unamchagua mmoja katika wale uliowapata, naye ndiye atakayebeba jina. Anawekwa kabatini na hatoki humo tena. Mwisho, wewe uliyemwandika ndiye unayempa jina.

Nikampa jina la baba yangu, Wilondja.

Mnajua baba alipotelea ziwani mbele ya Swima, na hakupatikana. Nilipokuwa mwanafunzi nilisoma jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani: chini kabisa ya Tanganyika hakuna hewa. Hakuna samaki huko, wala konokono, wala mnyoo. Tangu siku ile nilikuwa nikimfikiria baba akiwa peke yake mahali ambapo hakuna hata kidudu cha kumpita karibu. Pengine ndiyo sababu niliikimbilia bahari, ambayo vilindi vyake vina viumbe. Nikaona kwamba jina la baba likikaa na huyu mnyoo wa gizani, litakuwa na mwenzake.

Makala ilikuwa imekwisha kukubaliwa. Ilibaki kuchapishwa. Nikafunga safari kwenda kumwambia mama kwa mdomo wangu mwenyewe, na mkononi nikabeba chupa ndogo ya spiriti yenye mnyoo mmoja aliyekatika mkia. Jumba lilinipa huyo kwa sababu hakuwa na kazi tena kwao.

Ndege sina la kuzisema. Ulaya yote inapita chini yako na hakuna mtu anayekuuliza lolote.

Ziwani

Kigoma ndipo safari ilipoanza kuwa safari. Boti la mbao la kwenda Baraka lilikuwa limepakiwa saruji, magodoro na mabeseni ya plastiki, na abiria tulikaa juu ya vyote hivyo. Mashine ilikataa kuwaka. Fundi aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Jua likapanda mpaka utosini tukiwa bado tumefungwa gatini, tunakula ndizi mbivu na kuangalia Kongo kama ukungu ng'ambo ya maji.

Kando yangu alikaa mama mmoja wa Baraka, mwuza vitenge, mwenye Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Tulipoondoka hatimaye, alinusa mara moja, akanusa tena.

"Bamama, munasikia harufu ya pombe?"

"Iko inatoka kwa begi ya docta," akajibu mwingine. Docta ndiye mimi. Nilikuwa nimekwisha kujitambulisha kwa boti zima.

Kifuniko cha chupa kilikuwa kimelegea. Nikaitoa chupa ili kujisafisha jina, nikaeleza kwamba ile si pombe ya kunywa, ni ya kumhifadhi mnyoo.

"Kumbe mududu njo anakunywa!" Mama wa vitenge aliinua chupa juu wote waone. "Mumuangalie. Anakunywa tangu asubuhi na anatulia. Bwana yangu aje ajifunze hapa."

Boti zima lilicheka, mpaka fundi aliyekuwa na grisi kwenye nyusi. Nami nilicheka. Kule Bergen hakuna aliyewahi kumfurahia mnyoo wangu namna ile.

"We uko mutoto ya nani?" akaniuliza.

"Mimi ni mtaalamu wa wanyama wa baharini. Nafanya kazi Norwei."

"Sikuuliza kazi. Baba yako njo nani?"

"Wilondja wa Swima. Na huyu mnyoo nimempa jina lake. Dunia nzima itamwita Wilondja."

Kicheko kilikatika kama kilivyoanza. Mama wa vitenge aliirudisha chupa mikononi mwangu taratibu, akaikaza kifuniko yeye mwenyewe.

"Mama yako anajua?"

"Ndiyo naenda kumwambia."

"Haya," akasema, akafungua Biblia yake mahali popote, akaanza kusoma.

Milima yetu ilianza kuonekana. Nimeona milima ya Norwei yenye theluji, mizuri mno, lakini haijawahi kunisimamisha juu ya mifuko ya saruji niione vizuri.

Baraka

Bandarini mkaguzi aliishika chupa kwa vidole viwili.

"Hii unapeleka Misisi."

"Naipeleka kwa mama yangu Lubondja."

"Docta, usinicheze. Batu banapitisha hapa madawa ya kila namna, ya kuvuta zahabu mu mashimo ya Misisi. Banaleta mikia ya nyoka, banaleta mafuta. Mududu wa kungaa hivi, mu pombe, ni wa kuvuta zahabu."

Nikamtolea nakala ya diploma. Aliisoma yote, akanisifu kwa muhuri, akaiweka chupa juu ya meza yake na kuniambia nirudi mkubwa wake akifika. Mkubwa wake alikuwa kwenye matanga. Nikalala Baraka bila mnyoo.

Lakini nilikula, ndugu zangu! Mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, mafuta yanatiririka mpaka kwenye kiwiko, na bugali ya muhogo yenye harufu ile inayobaki kwenye vidole hata ukinawa. Nilikaa karibu na maji, nikanunua sahani ya pili kwa sababu siku za utoto wangu haikuwapo ya pili. Mwenye kibanda akaniuliza kama kwetu Ulaya kuna mukeke. Nikamwambia kwetu ni hapa. Akatazama viatu vyangu, akasema, "Sawa, papa."

Asubuhi mdogo wangu Etabo alifika na pikipiki yake kunichukua. Nilimwacha akiwa na meno ya utoto, sasa ana ndevu. Alinikumbatia kwa nguvu, akaingia ofisini kwa mkaguzi bila kubisha hodi, akatoka na chupa mkononi.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Nilimuambia ni ya kaka yangu, mutoto mukubwa ya Wilondja. Baba ya ule mukaguzi na baba yetu balikuwa banavua pamoja." Akaitazama chupa. "Yaya," akaniita, kama kaka mkubwa anavyoitwa kwetu, "hii njo kazi yote ile?"

"Ndiyo kazi yote ile."

"Eeh," akasema, kwa heshima ambayo sikuweza kuipima.

Fizi, na barabara ya matope

Kutoka Baraka njia inapanda. Mvua ilikuwa imenyesha, na matope ya huko hayana mchezo: mara tatu nilishuka nikasukuma, suruali yangu ya safari ikageuka rangi. Etabo aliendesha huku akinipa habari zote kwa kupiga kelele dhidi ya upepo. Ameoa. Ana mtoto wa kiume. Mtoto ameota meno.

"Anaitwa nani?" nikapiga kelele nami.

"Bebe!"

"Bebe nani?"

"Bebe tu! Mama njo atakuambia!"

Nilidhani ni upepo.

Mvua ilitukamata tena tulipoingia Fizi, tukajificha kwenye baraza la duka. Hapo palikuwa na mama mmoja wa familia za wafugaji wa milimani, amekuja sokoni na maziwa ya mgando. Alitukaribisha vikombe viwili, akakataa kulipwa kwa kuwa mvua, alisema, imemfanya kila mtu kuwa mgeni. Nikamsimulia kazi yangu, kama kawaida yangu. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Na batoto uko nabo bangapi?"

"Bado sina. Lakini nimegundua kiumbe ambacho hakuna mtu aliyekijua."

"Mungu akubariki," akasema. "Ukizeeka, kitakuletea mayi ya kunywa?"

Etabo alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mimi nilijibu kwamba kule kuna bomba ndani ya nyumba. Yule mama alitikisa kichwa kwa upole na kunijazia kikombe tena, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.

Lubondja

Mama hakai Swima tena. Aliporudi kutoka kambini alisema hataki kuamka kila siku akitazama yale maji, akaenda Lubondja kulima. Tulimkuta shambani katikati ya mihogo. Aliona pikipiki, akaniona, akaweka jembe chini kwa utaratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. Kisha akanishika uso kwa mikono yenye udongo. Na mimi, ambaye maneno hayajawahi kunikauka, nikaokota jembe lake nikalibeba mpaka nyumbani.

Jioni ile, jua bado liko juu ya kilima, tulikaa uani: mama, Etabo, mkewe Riziki, na yule mtoto akitambaa kutoka mguu hadi mguu. Kulikuwa na sombe ya mawese na dagaa wa ndakala, na mama alinichagulia wakubwa kwa mkono wake. Nilipokwisha kula nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Bergen. Nikaeleza bahari, giza, hadubini. Nikaweka chupa mbele ya mama.

"Mama, huyu ameitwa Wilondja. Jina la baba halitafutika tena. Watu watalisoma dunia nzima."

Riziki alimnyanyua mtoto kutoka chini, akambana kifuani.

"Jina gani?" mama akauliza.

"La baba. Wilondja."

"Ulimupatia mududu?"

"Mama, ni heshima kubwa. Wafalme wanaombwa—"

"Sikuuliza bafalme." Alimnyooshea kidole yule mtoto. "Muone ule. Ameota meno bila jina. Majirani banamucheka, banamwita Bebe kama mbuzi wa kununua. Unajua sababu? Jina ya baba yako ni ya mutoto yako wa kwanza, juu we uko mukubwa. Etabo aliniomba. Riziki alilia hapa hapa. Nikabakatalia bote, nabo habakutaka jina ingine. Nikabaambia, tungoje mukubwa. Na mukubwa amekuya na chupa!"

Ndiyo desturi ya nyumba yetu, na nilikuwa naijua. Jina la marehemu kwetu halipewi watu wawili. Likikaa mahali limekaa. Kule Bergen nilidhani desturi hiyo ni ya watoto wa watu, na haihusu mnyoo wa bahari ya mbali. Mama hakuona tofauti. Jina ni jina.

"Mwili ya baba yako njo ilipotea," akaendelea, sauti imeshuka. "Jina haikupotea. Nilikimbia nayo mupaka Kigoma. Nilikaa nayo mu kambi, nikarudi nayo. Sina kitu ingine yake. Hata shati."

Hapo ndipo nilipomwambia lile jambo. Nilimwambia kwamba chini ya ziwa hakuna hewa, hakuna samaki, hakuna kidudu. Nikamwambia kwamba baba yuko peke yake huko, na kwamba nilitafuta tu kiumbe kimoja cha gizani kikae na jina lake.

Etabo aliangalia vidole vya miguu yake. Kuku akapita kati yetu, hakuna aliyemfukuza.

"Kumbe ulikuwa unawaza hiyo, miaka yote?"

"Ndiyo, mama."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

Akaichukua chupa. Akaielekeza kwenye jua lililobaki, akaizungusha kidogo kidogo, na zile nywele zikawaka kama shaba. Mtoto alinyoosha mkono azishike.

"Iko muzuri," mama akasema. Akaingia nayo ndani.

Kilimani

Asubuhi mama alinikuta nje nikipiga mswaki.

"Ile jina, inaweza kubadilika?"

"Kabla hawajachapisha, ndiyo. Wakishachapisha, hata mimi siwezi."

"Mupatie yangu."

"Mama!"

"Mi niko muzima. Jina yangu sijamufungia mutu. Mwandikie Mwasiti." Alikuwa anafunga kilemba chake huku akisema, kana kwamba ananiagiza chumvi. "Nilikuwa muke ya baba yako huku juu. Jina yangu ishuke kule chini. Kama kuko giza, atanisikia."

Nikatema povu, nikafuta machozi kwa mkono wenye mswaki.

Lakini jina la baba lilibaki mikononi mwangu, na mama hakuligusa. "Inakungoja," alisema tu. Angelingoja mpaka kaburini mwake. Nikafikiri juu ya chumba changu cha Bergen, chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama mvua. Nikamfikiria Bebe, na majirani. Mwenye haki ya kuliachilia nilikuwa mimi, hakuna mwingine. Na niwaambie kweli, ndugu zangu, katika vyote nilivyovipata kwa jasho langu, hakuna kilichokuwa kigumu kukitoa kama haki hii niliyozaliwa nayo tu.

Nikamwomba Riziki anipe mtoto.

Kwetu anayetoa jina husimama mlangoni amembeba mtoto, na kuliita jina kwa sauti, nje, ili ua na jirani wasikie. Nikasimama. Nikaita, "Wilondja!" Sauti ilitoka imepasuka. Nikaita tena, "Wilondja!" Hakuna mtu aliyewahi kuliita hivyo, kwa nguvu, tangu asubuhi ile mama alipoliita akikimbia kando ya maji ya Swima. Nyumba ya pili mtu akapiga vigelegele. Mtoto alinivuta pua. Nilipogeuka, Etabo alikuwa amempa mgongo kila mtu, na mama alikuwa amekaa chini kwenye udongo, ameshika magoti yake, anacheka na kulia.

Mtandao Lubondja haupatikani mpaka upande kilima. Tulipanda mimi na Etabo, yeye mbele, mimi nikihema kwa kuzoea lifti. Juu kabisa, kwenye jiwe ambalo kila mtu wa kijiji amelikalia akitafuta mtandao, nikamwandikia mwenzangu wa kazini abadilishe jina upesi. Jibu lilichelewa. Tulikula muhindi wa kuchoma, tukatazama mabonde, Etabo akanionyesha shamba la nani na la nani. Kisha simu ikalia. Mwenzangu aliuliza: inawezekana bado, leo ni siku ya mwisho, lakini kwa nini?

Nikamwandikia: *Lile lilikuwa na mwenyewe.*

Kurudi

Nilipoondoka mama aliirudisha chupa imevikwa kipande cha kitenge chake cha kijani, kimeshonwa vizuri kwa pembeni. Kwetu ukipata ndoyi, yaani mtu mliyeitwa jina moja, unampelekea nguo.

"Ndoyi yangu asilale uchi," alisema. "Kule kwenu kuko baridi."

Mkaguzi wa Baraka aliitazama safari hii, akauliza mududu amekuwa bibi harusi lini. Boti liliondoka kwa wakati, jambo ambalo halikunifurahisha. Katikati ya ziwa, pale ambapo maji yanakuwa meusi, nilifungua begi nikaiinamisha ile chupa kidogo kwenye ukingo, kitenge na vyote, nikakaa hivyo mpaka mkono ukachoka.

Sasa chupa iko mezani kwangu. Wenzangu wanauliza juu ya kitenge, nawaeleza. Mnyoo amechapishwa, na jina la mama yangu, mkulima wa Lubondja, limeandikwa kwa Kilatini chini ya michoro niliyoichora mimi. Naringa, na nitaringa Jumamosi pia, mtanivumilia.

Jana mchana nilimpigia mama. Alikuwa amepanda kilimani na Riziki na mtoto kunisubiri. Nilikuwa namweleza jinsi makala inavyosifiwa, naye anasema eeh, eeh, halafu nikasikia simu imeondoka sikioni mwake na sauti yake ikipiga kelele, mbali, kwa mtu mwingine kabisa:

"Wilondja! Toka kwa mayi! Wilondja, nilikuambia toka kwa mayi, kuya huku!"

Kumbe mvua imeacha dimbwi pale kwenye jiwe. Nikasikia mtoto anacheka, maji yanapigwapigwa, Riziki anakimbia. Kisha mama akarudi kwenye simu akihema.

"Ametoka," akasema.

Nikamwomba amwite tena.